Kolmanskop: Almasi Iliyolindwa Dhidi ya Wenye Nchi

Picha za mahame ya Kolmanskop zimeenea duniani. Huonyesha majumba ya Kijerumani yaliyojengwa katika jangwa la Namib, kusini mwa Namibia, milango ikiwa wazi nusu na mchanga umejaa vyumbani hadi usawa wa madirisha. Mtalii huambiwa kwamba hapo zamani palikuwa na mji wa matajiri, almasi zikaisha, matajiri wakaondoka na mchanga ukaingia. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaliacha nje jambo kubwa kuliko yote. Kituo kile kilitanguliwa na jeshi, kikaota kando ya reli iliyojengwa na wafungwa, na kilizungushiwa mpaka wa polisi miezi michache tu baada ya jiwe la kwanza kuokotwa. Katika uhai wake wote, usiofika nusu karne, nguvu za dola zilizowekwa pale zilikuwa na kazi moja: kulilinda jiwe dhidi ya mtu aliyeliokota. Kwa askari na polisi wa Afrika, hiyo ndiyo sehemu ya historia ya Kolmanskop inayostahili kusikilizwa.

Mwanzo wake ni vita. Januari 1904 Waherero waliinuka dhidi ya utawala wa Wajerumani uliokuwa ukiwapokonya ardhi na ng'ombe. Berlin ilimpeleka Jenerali Lothar von Trotha, ambaye jina lake halikuwa geni Afrika Mashariki, kwa kuwa alikwisha kutumika huku kama kamanda wa majeshi ya Wajerumani katika miaka ya 1890. Baada ya mapigano ya Waterberg, mwezi Agosti, Waherero walisukumwa katika nyika kavu ya Omaheke, na askari wakawekwa kuzuia njia za kurudi penye maji. Tarehe 2 Oktoba 1904 von Trotha alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni, mwenye bunduki au asiye nayo, atapigwa risasi. Mwezi huo huo Wanama wa kusini, wakiongozwa na Hendrik Witbooi, nao waliingia vitani. Mzee Witbooi aliuawa katika mapigano tarehe 29 Oktoba 1905, wakati ambapo huku kwetu Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepamba moto. Dola moja ilikuwa ikipigana vita viwili katika pande mbili za bara, na pande zote mbili ilitumia njaa kama silaha.

Walionusurika walitiwa makambini. Kambi iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa kwenye Kisiwa cha Papa, mwamba mtupu mbele ya bandari ya Lüderitz, penye upepo wa baridi kali utokao bahari ya Atlantiki. Watu wa bara kavu, wanawake na watoto wakiwemo, waliwekwa pale katika vibanda vya matambara na magunia. Walikufa kwa baridi, kwa utapiamlo, kwa kiseyeye na kwa kazi za sulubu. Cornelius Fredericks, mmoja wa makamanda hodari wa Wanama, alifia humo mwezi Februari 1907.

Serikali ya Wajerumani iliihitaji mikono ya wafungwa hao kwa kazi ya reli. Haja yenyewe ilikuwa ya kijeshi, na kila afisa wa ugavi ataielewa bila kuelezwa. Kati ya Lüderitz na nyanda za ndani lipo jangwa la zaidi ya kilomita mia moja lisilo na maji wala malisho. Magari ya kukokotwa na ng'ombe yalikuwa yakikwama humo, wanyama wakafa njiani, na majeshi ya ndani yakakosa chakula na risasi. Basi ikaamuliwa reli ijengwe kutoka bandarini. Mwaka 1906 ilifika Aus, na mwaka 1908 ilifika Keetmanshoop. Hesabu za Wajerumani wenyewe zinaonyesha kwamba kati ya Januari 1906 na Juni 1907 wafungwa 2,014 walifanya kazi katika reli hiyo, na 1,359 kati yao walikufa. Yaani katika kila watu watatu, wawili hawakurudi.

Reli ya jangwani ina adui asiyelala, naye ni mchanga. Upepo wa Namib huweza kuifukia njia ya gari moshi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo, baada ya reli kukamilika, paliwekwa vikosi vya vibarua wa kuifagia na kuifukua kila siku. Msimamizi wa kipande kimoja, kwenye stesheni ndogo ya Grasplatz, alikuwa Mjerumani aitwaye August Stauch, aliyekuja Afrika akitafuta nafuu ya ugonjwa wa pumu. Miongoni mwa vibarua wake alikuwamo Zacharias Lewala, Mwafrika kutoka koloni la Rasi, ambaye alipata kufanya kazi katika machimbo ya almasi ya Kimberley.

Mwezi Aprili 1908, Lewala akiwa na koleo lake mkononi, aliona jiwe dogo liling'aalo. Alilitambua mara moja, kwa kuwa Kimberley alikwisha kuyaona mengi. Akalipeleka kwa msimamizi wake. Husimuliwa kwamba Stauch alilikwaruza kwenye kioo cha saa yake, na kioo kikachorwa. Stauch hakupiga kelele. Alijipatia kwanza leseni za kutafuta madini, akaungana na wenzake wachache wenye ujuzi na fedha, na habari ilipotangazwa rasmi tayari alikuwa ameshika maeneo mazuri. Katika muda mfupi akawa milionea. Lewala hakulipwa chochote kwa ugunduzi wake.

Wapo wanaosema kwamba kisa cha Lewala ni kisa cha bahati mbaya tu ya mtu mmoja asiyejua thamani ya alichokishika. Hoja hiyo haisimami. Mtu aliyefanya kazi Kimberley aliijua almasi na bei yake vizuri kuliko Stauch, ambaye hakuwa mchimba madini. Alichokosa Lewala ni sheria. Katika koloni lile leseni na ardhi vilikuwa haki ya Mzungu, na tangu mwaka 1907 kanuni zilimtaka kila Mwafrika achukue pasi na awe na mwajiri. Asiyekuwa navyo aliweza kukamatwa kama mzururaji. Angalilificha jiwe, angaliitwa mwizi. Alipolitoa, akawa kibarua mwaminifu. Katika hali zote mbili asingekuwa mwenye mali.

Almasi za Namib zilikuwa na ajabu yake. Kule Kimberley, na hata Mwadui katika Mkoa wa Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, mawe hayo huchimbwa katika miamba au kandokando yake. Za Namib zilisafiri. Kwa mamilioni ya miaka Mto Orange uliyazoa mawe kutoka ndani kabisa ya Afrika ya Kusini na kuyamwaga baharini. Mawimbi na mikondo ya Atlantiki yakayasukuma kaskazini kandokando ya pwani. Kisha upepo ukaupepeta mchanga mwepesi na kuyaacha mawe mazito juu ya ardhi. Ndiyo maana siku za kwanza hapakuwa na mashimo wala mashine. Vibarua walipangwa mstari mmoja, wakapiga magoti au kulala kifudifudi, wakatambaa jangwani wakiokota almasi kwa vidole na kuzitia katika makopo. Nyuma yao alisimama mnyapara. Katika bonde moja kusini ya Kolmanskop, karibu na Pomona, mawe yalionekana hata kwa mbalamwezi.

Berlin haikuchelewa. Waziri wa Makoloni alikuwa Bernhard Dernburg, mtu wa mabenki kabla ya kuingia serikalini. Mwaka 1907 alikuwa amezuru Afrika Mashariki ya Wajerumani, majivu ya Maji Maji yakiwa bado ya moto, na mwaka 1908 akazuru koloni la Kusini-Magharibi. Mwezi Septemba mwaka huo serikali yake ilitangaza kwamba nchi yote kuanzia Mto Orange hadi latitudo ya 26 kusini, na kutoka pwani hadi kilomita 100 ndani, ni Sperrgebiet, yaani Eneo la Marufuku. Haki ya uchimbaji humo ilikabidhiwa kampuni moja ya Kijerumani, isipokuwa kwa wale waliotangulia kupata leseni. Ukubwa wa eneo hilo ni kiasi cha kilomita za mraba 26,000, karibu sawa na nchi nzima ya Rwanda. Kwa tangazo moja watu wakafungiwa nje ya ardhi yenye ukubwa wa taifa.

Ramani ya koloni lile ilikuwa na mstari mwingine wa kutazamwa. Wajerumani waliigawa nchi mara mbili. Kusini na katikati, walikokaa walowezi, paliitwa Ukanda wa Polisi, na jina hilo liliendelea kutumika hadi zama za Makaburu. Nje ya ukanda huo, kaskazini, ilikuwako nchi ya Waowambo, ambayo Wajerumani hawakuwa na nguvu ya kuitawala moja kwa moja. Jina lenyewe lasema wazi: polisi waliwekwa pale walipo walowezi na mali yao, na mstari ukachorwa mahali mali hiyo ilipokoma. Upande wa pili ulihitajiwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni vibarua.

Na vibarua walihitajiwa sana, kwa sababu ambayo watawala wale hawakupenda kuitamka. Walikwisha kuwaua Waherero na Wanama kwa maelfu mengi, na sasa almasi zilidai mikono ambayo haikuwapo tena. Basi mawakala wakaelekea kaskazini kwa Waowambo, na wengine wakaajiri watu wa Rasi. Waowambo walisafiri mamia ya kilomita kutoka nchi yao ya mashamba na mifugo hadi pwani ya baridi na ukungu, kwa mikataba ya miezi kadhaa, bila wake wala watoto. Kiseyeye na magonjwa ya kifua viliwaandama, kama vilivyowaandama wafungwa wa Kisiwa cha Papa miaka michache kabla.

Juu ya kilima karibu na Grasplatz kikainuka kituo cha Kolmanskop. Jina lake, kwa masimulizi ya wenyeji, latokana na mwendesha gari la ng'ombe aitwaye Coleman aliyelitelekeza gari lake hapo katika tufani ya mchanga. Katika muda mfupi palijengwa nyumba za mawe za mameneja, shule, duka la nyama, kiwanda cha mikate, kiwanda cha barafu na kijireli cha kupitisha bidhaa mitaani. Maji ya kunywa yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town, mwendo wa siku kadhaa baharini. Kila nyumba ya Mzungu ilipelekewa pande la barafu asubuhi. Mwaka 1927 ulijengwa ukumbi mkubwa wa burudani wenye jukwaa la michezo ya kuigiza na chumba cha kuchezea tufe. Katika siku zake njema kituo kilikuwa na Wajerumani watu wazima wapatao 300, watoto wao kama 40, na vibarua wa Kiowambo wapatao 800. Vibarua hao walilala katika mabweni yaliyotengwa. Kila mara vitabu vya watalii husifu ukumbi na barafu. Mabweni hupata sentensi moja.

Hospitali ya Kolmanskop nayo yasifiwa kwa kuwa miongoni mwa za kwanza kusini mwa Afrika kupata mashine ya eksirei. Sifa hiyo ni ya kweli nusu. Mashine iliangalia mifupa iliyovunjika, lakini iliangalia pia matumbo ya vibarua, kutafuta almasi zilizomezwa. Kibarua aliyemaliza mkataba hakuondoka kama mtu aliyemaliza kazi. Aliwekwa chini ya ulinzi, akapekuliwa mwili na mizigo. Vilevile hesabu ya watoroshaji wa almasi haikuwa ya Waafrika peke yao. Katika makumbusho ya hapo husimuliwa visa vya soli za viatu zilizotobolewa na vya njiwa waliofungwa vifuko vya mawe, na waliofanya hayo walikuwamo Wazungu wenye nafasi. Lakini mfumo wa upekuzi, kuanzia mabweni hadi eksirei, ulimlenga kibarua.

Faida ilikuwa kubwa mno. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza mwaka 1914, jangwa lile lilikuwa limetoa karati zipatazo milioni tano, yaani tani nzima ya almasi. Mauzo yalipitia Berlin. Shule moja ilijengwa Kolmanskop kwa watoto wale arobaini.

Vita ilipofika, Waingereza waliiachia Afrika ya Kusini kazi ya kuliteka koloni hilo. Majeshi ya Muungano wa Afrika ya Kusini yaliingia Lüderitz mwezi Septemba 1914. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waling'oa reli ile ile iliyojengwa juu ya maiti, na wakavitia sumu visima, jambo ambalo Jenerali Louis Botha alililalamikia kwa maandishi. Vita ya jangwani ikageuka vita ya maji na reli: kila kilomita ya kusonga mbele ilitegemea mafundi wa kuzirudisha njia za chuma na meli za kuleta maji. Mwaka 1915 majeshi ya kusini yaliongozwa na Jan Smuts, yule yule aliyeletwa Afrika Mashariki mwaka uliofuata kupambana na von Lettow-Vorbeck. Wajerumani walisalimu amri Khorab tarehe 9 Julai 1915.

Bendera ikabadilika, na Eneo la Marufuku likabaki. Ernest Oppenheimer alizinunua kampuni za Wajerumani na kuziunganisha katika kampuni moja ya almasi, maarufu kwa herufi CDM, ambayo baadaye ikawa chini ya himaya ya De Beers. Mwaka 1920 Umoja wa Mataifa wa wakati huo uliikabidhi Afrika ya Kusini nchi ile kama amana ya ustaarabu. Mwaka huo huo wa amana, utawala mpya ulipitisha Sheria ya Mabwana na Watumishi, ambayo ilifanya kuvunja mkataba wa kazi kuwa kosa la jinai. Hapa ndipo polisi anapoingizwa katika jambo ambalo si lake. Katika nchi nyingi mwajiri na mwajiriwa wakikosana huenda mahakama ya madai. Namibia, kibarua aliyeacha kazi alitafutwa na askari mwenye hati, akafungwa, kisha akarudishwa kwa tajiri yule yule. Mshahara wa askari huyo ulilipwa na serikali. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya kampuni.

Kolmanskop chenyewe hakikudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ziligunduliwa almasi kubwa na nyingi zaidi karibu na mlango wa Mto Orange, na bei zilianguka katika mtikisiko wa uchumi wa dunia ulioanza 1929. Mwaka 1936 kampuni ilianzisha mji mpya wa Oranjemund, na mwaka 1943 makao makuu yalihamishiwa huko. Watu wakapungua mmoja mmoja. Mwaka 1956 wakazi wa mwisho waliondoka. Stauch, yule milionea, alikuwa amekwisha kupoteza mali yake yote na kufa maskini Ujerumani mwaka 1947. Haikuachwa shule kwa Wanama, wala hospitali kwa Waowambo, wala bomba la maji.

Lakini kilichoondoka Kolmanskop kiliendelea kuishi kwingine, nacho ni mkataba. Mwaka 1943, mwaka ule ule wa kuhamia Oranjemund, mashirika ya kuajiri vibarua wa kaskazini yaliunganishwa kuwa shirika moja lililoitwa SWANLA. Wanaume walipangwa madaraja kwa afya na umri, A, B na C, kama mifugo mnadani. Hawakuchagua tajiri wala mahali pa kazi. Waowambo waliuita mkataba huo okaholo, kwa jina la kibati cha utambulisho alichopewa kila kibarua. Mzee yeyote aliyepita katika mashamba ya mkonge ya Tanga au Morogoro hahitaji kufasiriwa neno hilo. Huku kwetu wakulima wa mkonge walianzisha SILABU mwaka 1944, mwaka mmoja tu baada ya SWANLA, na walioajiriwa waliitwa manamba kwa sababu ile ile.

Mkataba ulikusudiwa kuwatawanya watu, ukawakutanisha. Mtu wa Ondonga na mtu wa Uukwanyama walilala bweni moja, wakapekuliwa pamoja, wakalinganisha mishahara. Mwaka 1957, mjini Cape Town, wafanyakazi wa Kiowambo wakiwa na Andimba Toivo ya Toivo waliunda chama ambacho dai lake kubwa lilikuwa kuufuta mkataba. Mwaka 1959 chama cha namna hiyo kiliundwa Windhoek kikiongozwa na Sam Nujoma, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, na mwaka 1960 kikawa SWAPO. Nujoma alikimbia nchi yake mwaka huo akafika Tanganyika, na mwaka 1961 SWAPO ilifungua ofisi Dar es Salaam. Baada ya Kamati ya Ukombozi ya OAU kuwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, wapiganaji wa Namibia walipewa kambi Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma. Baadhi ya waliotoka Kongwa ndio waliopambana na majeshi ya Makaburu huko Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966, siku ambayo Namibia huiadhimisha kuwa mwanzo wa vita vya ukombozi. Kwa maafisa wa Tanzania waliotumika chini ya Kamati hiyo, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini Katibu Mtendaji wake alikuwa Brigedia Jenerali Hashim Mbita, Namibia haikuwa habari ya magazetini.

Pigo kubwa kwa mkataba lilitoka kwa vibarua wenyewe. Desemba 1971 wafanyakazi wa Windhoek na Walvis Bay waliweka zana chini, na mgomo ukaenea hadi ukahusisha watu zaidi ya 13,000. Serikali ya Makaburu iliwarudisha kwao kwa magari moshi, ikidhani kuwa njaa itawalainisha. Kumbe ilikuwa inausafirisha mgomo hadi vijijini. Januari 1972 SWANLA ilivunjwa. Februari hali ya hatari ikatangazwa Owambo, na polisi na wanajeshi wakapewa madaraka ya kukamata na kuweka watu kizuizini bila mashtaka. Utawala ule, ulipoguswa mfukoni, daima ulijibu kwa bunduki.

Mwaka 1974 Baraza la Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Namibia lilitoa Amri Namba 1, iliyokataza mtu au kampuni yoyote kuchimba au kuuza mali ya asili ya nchi hiyo bila idhini ya Baraza. Nchi za Magharibi zilizokuwa na hisa na masoko hazikuitia maanani. Katikati ya miaka ya 1980 tume iliyoongozwa na Jaji Pieter Thirion, iliyoundwa na utawala wa Makaburu wenyewe, ilieleza kwamba CDM ilikuwa ikichimba kupita kiasi, ikikamua maeneo bora kwa haraka kabla uhuru haujafika. Kampuni ilikanusha. Msomaji wa historia ya Kolmanskop hatashangaa sana kusikia shutuma hiyo.

Uhuru ulipatikana tarehe 21 Machi 1990. Mwaka 1994 serikali ya Namibia na De Beers ziliunda kampuni ya Namdeb, kila upande ukiwa na asilimia 50. Watanzania wanaujua mpango wa nusu kwa nusu: mwaka 1958, baada ya Williamson kufariki, serikali ya kikoloni ya Tanganyika na De Beers zilichukua nusu nusu ya mgodi wa Mwadui. Tofauti ni kwamba nusu ya Namibia ilidaiwa na serikali iliyochaguliwa na watu, miongoni mwao watoto na wajukuu wa vibarua wa okaholo. Mwaka 2008 Eneo la Marufuku lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya Tsau //Khaeb, miaka mia moja kamili baada ya Dernburg kulifunga. Mwezi Mei 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji ya Waherero na Wanama kuwa mauaji ya kimbari, ikaahidi kutoa euro bilioni 1.1 katika miaka 30 kwa ajili ya miradi. Viongozi wengi wa jamii hizo waliikataa ahadi hiyo, wakisema kwamba hawakushirikishwa ipasavyo katika mazungumzo, na kwamba mradi wa maendeleo haulipi deni la waliouawa.

Kolmanskop chenyewe, baadhi ya nyumba zake zimefanyiwa ukarabati tangu mwaka 1980 na kufanywa makumbusho; nyingine zimeachiwa mchanga. Njia ya kuingilia ingali na kizuizi, na mgeni anayetaka kuutazama ukumbi, kiwanda cha barafu na chumba cha eksirei, awe Mjerumani au Mnama aliyezaliwa Lüderitz, sharti kwanza aonyeshe kibali.